Gamal Abdel Nasser: Shujaa au Dhalimu?



 Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya Maswahaba na wanazuoni wakubwa. Mara hii nakuletea mtu ambaye hakuwa sahaba wala sheikh. Alikuwa mwanajeshi na mwanasiasa, na mpaka leo Waislamu hawajakubaliana juu yake. Mtaje Gamal Abdel Nasser mbele ya wazee wetu wa pwani, wengi wao utaona nyuso zinang'aa, na wapo waliowapa watoto wao jina lake. Kisha mtaje mbele ya vijana waliosoma vitabu vya Sayyid Qutb, utaambiwa huyo ni dhalimu aliyewanyonga wanazuoni. Sasa nani mkweli? Twende pole pole, kisha uamue mwenyewe.

Mtoto wa mfanyakazi wa posta

Nasser alizaliwa tarehe 15 Januari 1918 katika mtaa wa Bakos, mjini Alexandria. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta, na asili yao ni kijiji cha Beni Mur, kusini mwa Misri. Mama yake alifariki 1926, yeye akiwa na miaka minane tu na akikaa mbali naye kwa ajili ya masomo. Kwa hivyo usifikiri huyu ni mtoto wa pasha aliyelelewa katika mahariri.

Misri ya wakati ule ilikuwa huru kwa jina tu. Waingereza waliingia 1882, wakatangaza uhuru wa Misri 1922, lakini majeshi yao hayakuondoka, na Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa kampuni ya kigeni. Mwaka 1935 Nasser, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, aliandamana dhidi ya Waingereza na risasi ya polisi ikamparuza kwenye paji la uso. Mwaka 1937 alijiunga na chuo cha kijeshi. Katika vita vya Palestina vya 1948 kikosi chake kilizingirwa mahali paitwapo Faluja na kikakataa kusalimu amri mpaka vita vikasimamishwa mwaka uliofuata. Alirudi na uchungu mkubwa, akiamini kuwa adui wa kwanza wa askari wa Misri ni ufisadi wa wakubwa wao Cairo.

Ndipo usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952 yeye na maafisa wenzake vijana wakapindua serikali. Siku tatu baadaye Mfalme Farouk akapanda meli na kwenda zake Italia.

Mema yake

Tuanze na mema, maana si haki kuyaficha. Miezi miwili haijaisha, ikatoka sheria ya ardhi: hakuna mtu kumiliki zaidi ya feddan 200, na feddan moja ni kama eka moja hivi. Ardhi iliyozidi ikagawiwa wakulima ambao baba na babu zao walilima mashamba ya wengine maisha yao yote. Elimu ya chuo kikuu ikawa bure. Mwezi Juni 1956 askari wa mwisho wa Kiingereza wakaondoka katika eneo la mfereji.

Tarehe 26 Julai mwaka huo huo akatangaza kuwa Mfereji wa Suez sasa ni mali ya Misri. Israeli, Uingereza na Ufaransa zikaivamia nchi yake. Nasser akaenda msikiti wa Al-Azhar, akapanda mimbari na kuwahutubia watu wake kwamba Misri itapigana. Kwa shinikizo la Marekani, la Urusi ya wakati ule na la Umoja wa Mataifa, wavamizi wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Hebu fikiria habari hiyo ilivyopokewa Mombasa, Lamu na Unguja, mahali ambapo bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea! Mtu mweusi na Mwarabu, wote waliona kumbe huyu mkubwa anaweza kuambiwa hapana.

Tena hawakusubiri magazeti. Katika miaka ya 1950 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na mmoja wa watangazaji wake alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Idhaa hiyo iliwatetea Mau Mau wakati serikali ya kikoloni ikiwaita majambazi. Waingereza walichukia mno. Vyama vya ukombozi vya Afrika vikapewa ofisi Cairo, na vijana wa Afrika Mashariki wakapelekwa Misri kusoma kwa gharama ya serikali yake.

Na kama umewahi kusikia kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wakati ukingojea adhana ya Magharibi, jua kuwa Qur'ani nzima kwa sauti yake ilirekodiwa Misri 1961, na redio maalum ya Qur'ani ikafunguliwa Cairo 1964. Yote hayo ni wakati wa Nasser.

Upande wa pili

Sasa msomaji, usifunge gazeti. Wazee wengine husimulia mpaka hapa halafu wakanyamaza.

Rais wa kwanza wa jamhuri ya Misri hakuwa Nasser, alikuwa Jenerali Muhammad Naguib. Naguib alitaka wanajeshi warudi kambini na vyama virudi kazini. Mwezi Novemba 1954 Nasser akamwondoa na kumfungia katika nyumba nje ya Cairo, na hakupata uhuru wake mpaka Nasser alipokwisha kufa. Vyama vyote vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 1953.

Kisha Ikhwanul Muslimin. Hawa walikuwa karibu na maafisa wale kabla ya mapinduzi. Tarehe 26 Oktoba 1954 Nasser alipigwa risasi akihutubia Alexandria, zikamkosa. Serikali ikasema ni njama ya Ikhwan, na wao mpaka leo wapo wanaosema ilikuwa ni mchezo uliopangwa. Lililo wazi ni yaliyofuata. Maelfu walikamatwa, wakateswa magerezani, na Disemba mwaka huo watu sita wakanyongwa, akiwemo mwanasheria na mwanachuoni Abdul Qadir Awdah.

Sayyid Qutb naye alifungwa. Sehemu kubwa ya tafsiri yake ya Qur'ani, Fi Dhilal al-Qur'an, aliiandika akiwa gerezani na mwili wake ukiwa mgonjwa. Aliachiliwa 1964, akakamatwa tena 1965, na tarehe 29 Agosti 1966 akanyongwa, licha ya Waislamu wa nchi mbalimbali kuomba asamehewe. Hata wanawake hawakusalimika. Zaynab al-Ghazali aliingia gerezani 1965 na hakutoka mpaka 1971. Unaweza kukubaliana na fikra za Qutb au kuzipinga, na wanazuoni wapo pande zote mbili. Lakini kumnyonga mtu kwa kesi ya mahakama ya kijeshi, na mateso ya magerezani, hayo hayana utetezi.

Al-Azhar yenyewe ilipangwa upya kwa sheria ya 1961. Ilipata vitivo vya udaktari na uhandisi na chuo cha wasichana, jambo la heri. Lakini sheria hiyo hiyo iliifunga Azhar kwenye mkono wa serikali, na Sheikh wake mkuu akawa anateuliwa na rais. Na tangu 1962 alipeleka makumi ya maelfu ya askari Yemen katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waislamu wakawa wanauana huku wote wakielekea kibla kimoja.

Juni 1967

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu huhesabu mema huku na maovu kule kana kwamba ni vitu viwili visivyojuana.

Mwezi Mei 1967 Nasser aliwataka askari wa Umoja wa Mataifa waondoke Sinai, na akaufunga mlango wa bahari wa Tiran kwa meli za Israeli. Wakati huo sehemu ya jeshi lake zuri ilikuwa bado Yemen. Mkuu wa jeshi alikuwa rafiki yake, Abdel Hakim Amer, ambaye hakuongoza vizuri katika vita vya 1956 lakini aliachwa pale pale. Asubuhi ya tarehe 5 Juni ndege za Israeli ziliteketeza sehemu kubwa ya ndege za kivita za Misri zikiwa bado chini. Ndani ya siku sita Sinai ikaenda, Gaza ikaenda, milima ya Golan ya Syria ikaenda, na Jerusalem ya mashariki pamoja na Msikiti wa Al-Aqsa ikaingia mikononi mwa Israeli. Jeraha hilo halijapona mpaka leo.

Na redio? Ile ile iliyowatia watu moyo sasa ilikuwa inatangaza kwa Kiarabu kuwa ndege za adui zinaanguka kama mvua. Watu walishangilia mitaani wakati jeshi lao limekwisha kushindwa.

Jiulize: nani angemwambia Nasser kuwa jeshi haliko tayari? Magazeti yalikuwa yake tangu 1960. Vyama hakuna. Naguib amefungiwa. Mashekhe wa Azhar wanaajiriwa na serikali. Waliosema walikuwa makaburini au gerezani. Basi dhulma ile haikuishia kwa Ikhwan peke yao. Ilimla hata yeye, na ikaila ile heshima aliyowapatia watu 1956.

Tarehe 9 Juni alijiuzulu, mamilioni wakamiminika barabarani kumtaka arudi, na kesho yake akarudi. Miaka mitatu iliyobaki aliitumia kulijenga jeshi upya. Alifariki kwa moyo tarehe 28 Septemba 1970, akiwa na miaka 52 tu, baada ya mkutano wa kusimamisha vita baina ya Jordan na Wapalestina. Mazishi yake yalijaa mamilioni ya watu. Hata wapinzani wake wengi wamekiri hakujilimbikizia mali. Na tarehe 10 Ramadhan 1393, yaani 6 Oktoba 1973, jeshi lile lilivuka Mfereji wa Suez chini ya Anwar Sadat, wengine wakiwa na saumu zao.

Somo letu

Ndugu yangu, dada yangu, katika Suratul Maida Allah (S.W.) ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu tu tunawachukia watu fulani. Kwa hivyo kijana anayempenda Qutb asikane kuwa Nasser aliwapa ardhi masikini na akawasemea Waafrika walipokuwa hawana msemaji. Na mzee anayempenda Nasser asiseme ati yale ya magerezani ni siasa tu. Mapenzi nayo yanaweza kumtoa mtu katika uadilifu kama chuki.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na akaeleza kuwa kumsaidia anayedhulumu ni kumzuia mkono. Waliompenda Nasser walikuwa mamilioni. Wachache sana waliweza kumpa msaada huo, na waliojaribu waliadhibiwa.

Sisi Waislamu wa Kenya tuna ugonjwa wetu pia. Mtu akiwa ni wetu, wa dini yetu au wa mtaa wetu, akigawa futari na kujenga kisima, tunasema aachwe, asiulizwe. Anayeuliza anaitwa hasidi. Ramadhan hii, kiongozi wako akileta tende msikitini, mshukuru na umuombee dua. Halafu muulize pesa za wananchi zimekwenda wapi. Ukifanya hivyo hujamvunjia heshima, umemsaidia kabla hajafika kwenye Juni yake.

Allah atukubalie saumu zetu, awarehemu waliodhulumiwa, na amhukumu kila mtu kwa uadilifu Wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.