Sewa Haji Paroo na Njia ya Ujiji

Miongoni mwa watu ambao historia ya elimu katika nchi yetu haiwezi kuwasahau ni marehemu Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyeishi kati ya mwaka 1851 na 1897. Hakuwa Mhindu kwa dini. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, na asili ya wazee wake ilikuwa Kutch. Hata hivyo maisha yake yanastahili kusimuliwa katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, kwa kuwa mali yake ilitoka katika njia iliyokoma hapa Ujiji, na sadaka yake haikuchagua dini wala rangi.

Familia yake ilifanya biashara Unguja na Bagamoyo. Katika zama hizo Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilipakia merikani, kaniki, nyaya za shaba na shanga, ikapita Ugogo na Tabora, na baada ya miezi mingi ikafika ziwani. Sokoni Ujiji shanga za sofi zilikuwa ndizo fedha. Kutoka huku misafara ilirudi na pembe za ndovu, na pamoja nazo, kwa majonzi makubwa, wanadamu waliofanywa watumwa.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akijiandaa kumtafuta Daktari Livingstone. Mmoja wa waliompatia wapagazi alikuwa Sewa Haji, kijana wa miaka ishirini hivi. Msafara huo ndio uliomkuta Livingstone hapa Ujiji. Katika kitabu chake, Stanley alimchora kijana huyo kwa maneno makali, akimlaumu kwa hila katika hesabu za vitambaa na wapagazi. Yamkini Stanley alikuwa na chuki za mgeni mwenye haraka. Lakini si haki kwetu kuifuta lawama hiyo kwa sababu tu aliyelaumiwa alikuja kuwa mfadhili.

Miaka ilipopita, Sewa Haji akawa tajiri mkuu wa Bagamoyo katika kazi ya kuwapatia wapagazi wasafiri, wamisionari na wafanyabiashara. Tusisahau maana ya utajiri huo. Kila mpagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi kwa umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Wengine waliugua na kufia njiani. Faida iliyoandikwa katika daftari la tajiri ilianzia katika mabega ya watu wasiojua kusoma daftari hilo.

Katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Wajerumani, Sewa Haji alitoa mali yake kwa ajili ya shule Bagamoyo. Sharti lake lilikuwa kwamba shule hiyo iwe ya watoto wa rangi zote. Katika siku zile kila jamaa ilijengea watoto wake, na serikali nayo iliwapanga watu kwa rangi. Angeweza kuwajengea Makhoja peke yao, na hakuna ambaye angemlaumu. Dar es Salaam nako alitoa fedha za hospitali iliyoitwa kwa jina lake, na mpaka leo jengo moja la wodi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili linaitwa Sewahaji. Alifariki mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 46 tu.

Katika desturi yetu, siku za Diwali madaftari ya biashara huwekwa mbele ya Lakshmi yabarikiwe, na Saraswati, mlezi wa elimu, huheshimiwa pia. Wazee hufundisha kwamba chakula hushibisha siku moja, ilhali vidyadan, yaani sadaka ya elimu, hudumu maisha yote. Shule ya Bagamoyo haikufuta machungu ya wapagazi. Ila ilirudisha sehemu ya faida kwa watoto wa watu wale wale, nayo ilifungua mlango bila kuuliza mtoto anaabudu wapi.

Hata hivyo shule hiyo ilijengwa pwani, mwanzo wa njia. Huku mwisho wa njia, watoto wa Ujiji waliendelea kuona mizigo ikipita. Leo ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini bado yuko mtoto wa mvuvi au wa mkamua mawese anayeacha masomo kwa kukosa sare, madaftari au mahali pa kulala karibu na shule. Sisi nasi tunaishi kwa biashara ya njia hii na ya ziwa hili. Basi katika maadhimisho haya, kila anayefungua daftari lake na atenge fungu la mtoto mmoja asiye na msaada, wa hekaluni, wa msikitini au wa kanisani, bila kubagua.