Allen Whipple: Daktari aliyejifunza kutokana na kifo cha mgonjwa wake

Madaktari wa upasuaji wa tumbo kote duniani wanalijua jina la Whipple. Ni jina la mojawapo ya operesheni ngumu zaidi mwilini, ambayo mwanzo wake haukuwa wa mafanikio.

Allen Whipple alizaliwa mwaka 1881 mjini Urmia, katika Iran ya leo, kwa wazazi wamisionari kutoka Marekani. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1908, na mwaka 1921 akawa profesa wa upasuaji chuoni hapo.

Kilichomshughulisha ni saratani adimu inayoota pale mrija wa nyongo na ule wa kongosho inapoingia kwenye utumbo mwembamba. Uvimbe mdogo tu huziba nyongo, na macho na ngozi ya mgonjwa hugeuka manjano. Kuuondoa ni kazi nzito, kwa kuwa kichwa cha kongosho na mwanzo wa utumbo vimeshikana na vinalishwa na mishipa ileile ya damu. Walther Kausch alikwishafanikiwa mjini Berlin mwaka 1909, lakini wachache walithubutu kumfuata.

Mgonjwa wa kwanza wa Whipple alifariki muda mfupi baada ya upasuaji. Mshono ulikuwa umeachia. Whipple aliona kuwa nyuzi zilizotengenezwa kwa utumbo wa mnyama zilimeng'enywa na maji ya kongosho, kama chakula. Akabadilisha, akashona kwa hariri. Wagonjwa wawili waliofuata walinusurika, na mwaka 1935 akachapisha matokeo hayo.

Operesheni ilifanywa kwa awamu mbili: kwanza kuipitisha nyongo njia nyingine, kisha kuondoa uvimbe. Nyongo ikiziba, mwili hukosa vitamini K na damu haigandi vizuri. Mwaka 1940, Whipple alikamilisha kazi yote kwa mara moja kwa mgonjwa asiye na manjano. Vitamini K ilipoanza kutumika hospitalini, njia hiyo iliwafaa wengi.

Whipple alifariki mwaka 1963, akiwa amefanya operesheni hiyo mara 37 tu. Leo, katika hospitali zenye uzoefu mkubwa, chini ya wagonjwa 5 kati ya 100 hupoteza maisha kutokana na upasuaji huo.