Krapf, Kivoi na Mizani ya Imani

Wanafunzi wa Machakos wanapofundishwa habari za Johann Ludwig Krapf, huambiwa kwamba ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuuona Mlima Kenya, kisha somo likaishia hapo. Hayo ni kweli, lakini ni machache mno. Maisha ya mtu huyo yanatupa nafasi adimu ya kulichunguza swali ambalo vijana hulijadili bwenini na wazee hulikwepa: je, ni jambo la busara kwa mtu mwenye akili timamu kuamini kwamba Mungu yuko, na kwamba wafu wangali wanaishi?

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baada ya kuhudumu Uhabeshi chini ya shirika la kimisionari la Kiingereza, aliwasili Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Walikuwa wamekwisha kumzika binti mmoja safarini, wakamwita Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Mwezi wa Julai mwaka huo wa 1844 Rosine alijifungua binti mwingine. Siku chache baadaye mama alifariki kwa homa, na mtoto akamfuata, huku Krapf mwenyewe akiwa hoi kitandani. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara.

Mtu mwingine angalifunga virago. Krapf aliwaandikia wakuu wake Uingereza kuwaarifu kwamba kaburi lile lilikuwa ishara ya kuanza kwa kazi yao katika sehemu hii ya dunia. Hapa sina budi kusita kidogo. Kwa asiyeamini, vifo vile vilikuwa ushahidi dhidi ya Mungu mwema. Kwa Krapf vilikuwa ahadi. Ikiwa neema ni ushahidi wa imani, na msiba nao ni ushahidi wa imani ile ile, basi hakuna tukio lolote liwezalo kuikanusha. Na dai lisiloweza kukanushwa na lolote ni vigumu kuliita ujuzi. Najua wapo wasomaji watakaochukizwa na kauli hii.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake, Johannes Rebmann, walifungua kituo Rabai. Huko waliwakuta Wamijikenda wakiwatunza wafu wao, wale waitwao koma, kwa vyakula na vinywaji makaburini. Kwa Krapf huo ulikuwa upotovu mtupu, kama zilivyokuwa sadaka za Wakamba kwa aimu wao. La ajabu ni kwamba yeye pia alikuwa na kaburi lililomsemesha, na alitumaini kwamba wapita njia wangeliona wakakumbuka kilichowaleta wageni wale. Aidha, alipotaka kumtaja Mungu wake kwa Wakamba, hakuwa na haja ya kuunda neno. Neno Mulungu alilikuta likitumika, nao waliolitumia walikwisha kuamini kwamba yuko aliyeumba.

Mwaka 1849 alifika Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Kivoi alimsimulia habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na Krapf akamsadiki kabla ya kuona chochote. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, akaviona vilele viwili. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alizikejeli habari za theluji katika nchi za ikweta. Ilimbidi Krapf angoje hadi mwaka 1883, naye keshafariki, ndipo Joseph Thomson alipouona mlima ule na kuyathibitisha maneno yake.

Wapo wanaopenda kuutumia mkasa huu kuwanyamazisha wenye shaka: Cooley alikataa asichokiona, akaaibika, basi nanyi msikatae Mungu na pepo. Mlinganisho huo haushiki. Habari ya Kivoi ilikuwa na njia ya kuhakikishwa; aliyetaka angalifunga safari. Habari za ahera hazina njia hiyo kwa sisi tulio hai.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani akikusudia kufungua kituo katika uwanda wa Yatta. Mwezi wa Agosti alisafiri na Kivoi kuelekea Mto Tana. Walishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akatangatanga nyikani akibeba maji ya kunywa ndani ya mtutu wa bunduki. Jamaa za Kivoi walimbebesha lawama ya kifo kile, hata akalazimika kutoroka tena usiku. Yeye aliamini kwamba mkono wa Mungu ulimwokoa. Lakini mbona mkono huo haukumfunika Kivoi, aliyekuwa mwenyeji na mfadhili wake? Sijaona jibu linaloniridhisha.

Kwa maoni yangu, kumwamini Mungu au kuamini uhai baada ya kifo si upumbavu, mradi muumini akubali kuliita tumaini. Mtu aliyewazika mkewe na mabinti wawili ana haki ya kutumaini. Kosa la Krapf, nalo tumelirithi, ni kuliita tumaini lake ujuzi na kuliita la Kivoi ushirikina. Ushahidi wa aimu na ushahidi wa ufufuo uwekwe kwenye mizani moja. Anayeikataa sadaka ya nyanya yake pale Iveti kwa sababu hakuna aliyewaona wafu wakila, na atuonyeshe ni nani aliyewaona wakiimba mbinguni.

Afya ilimlazimisha Krapf kuondoka mwaka 1853. Alirejea kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kufungua kituo cha Ribe. Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata.