Manuel de Falla: Mtunzi aliyeingiza nyimbo za kijijini ukumbini

Mwaka 1907 Manuel de Falla alienda Paris kutembea kwa muda mfupi tu. Akakaa miaka 7.

Alizaliwa Cádiz, mji wa bandari kusini mwa Hispania, mwaka 1876. Huko Paris akajuana na akina Debussy na Ravel, lakini masikio yake yalibaki nyumbani. Vita vya 1914 vilipomrudisha Madrid, alikuwa na nyimbo 7 za watu wa kawaida: za Murcia, za Asturias, za Andalusia, hadi ya kumbembelezea mtoto alale.

Ujanja wake ulikuwa kwenye piano. Nyingi ya sauti za waimbaji aliziacha karibu kama zilivyo, ila piano akaifanya ikung'utwe kama gitaa. Januari 1915 zikaimbwa Madrid, piano akipiga mwenyewe. Hadi leo waimbaji wa Kihispania ni wachache wasiozijua.

Alipohamia Granada akaingiwa na hofu nyingine: uimbaji wa zamani wa Andalusia, cante jondo, ulikuwa unamezwa na muziki wa biashara. Basi mwaka 1922, yeye na mshairi kijana Federico García Lorca na wenzao wakaandaa shindano pale Alhambra. Waimbaji wa kulipwa hawakuruhusiwa. Waliong'ara ni mzee mmoja, Diego Bermúdez, na mtoto Manolo Caracol, ambaye baadaye alikuja kuwa staa wa flamenco. Shindano lililowafungia mlango mastaa likamtoa staa!

Agosti 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo vimeanza, Lorca alikamatwa Granada. Falla alikuwa mgonjwagonjwa, mcha Mungu, mtu asiyependa kabisa siasa. Hata hivyo alijikaza akaenda kwa wakubwa kumwombea rafiki yake. Alikuwa amechelewa, Lorca alishauawa.

Mwaka 1939 akaondoka kwenda Argentina. Serikali ya Franco ilimwahidi pensheni akirudi, akakataa. Akafia Alta Gracia tarehe 14 Novemba 1946, zikiwa zimebaki siku 9 tu atimize miaka 70, na kazi yake kubwa, Atlántida, haijakamilika baada ya miaka karibu 20.

Mwili ulirudishwa Cádiz, ukazikwa ndani ya kanisa kuu. Na kwenye noti ya peseta 100 ya mwaka 1970, Franco akiwa bado madarakani, sura iliyowekwa ni ya Falla.