CHARLES DARWIN NA MIMEA ILAYO WADUDU

Ukilitaja jina la Charles Darwin darasani, wengi wetu hukimbilia habari za nyani na binadamu, na mabishano huwaka papo hapo. Leo tuyaache hayo. Hebu tumtazame mzee huyu akihesabu wadudu waliokufa juu ya majani.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, ambaye alikuwa daktari, alimpeleka Edinburgh asomee udaktari. Lo! Kijana hakustahimili kuona watu wakipasuliwa, akaacha. Alisoma Cambridge, kisha akasafiri kwa meli ya Beagle tangu 1831 hadi 1836. Baadaye aliandamwa na maradhi miaka mingi, na kazi zake nyingi alizifanyia nyumbani kwake huko Kent.

Mnamo 1860 alienda Sussex kupumzika. Huko akaona kimea kidogo chenye nywele nyekundu na ute unaonata. Alichuma vimea 12 vyenye majani 56, na kumbe 31 kati ya majani hayo yalikuwa yamenasa wadudu! Mapumziko yakaishia hapo. Akaanza kuvilisha vimea hivyo vitu mbalimbali. Alipovipa sukari au mafuta, nywele zilitulia tuli. Alipovipa maziwa, nyama au ute wa yai, zilijikunja kama vidole. Basi akang'amua kwamba mmea ulikuwa ukitafuta naitrojeni, ambayo ni haba katika udongo wa kinamasi.

Rafiki yake Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew, London, alishughulikia mimea ya mitungi, ambayo majani yake hubeba kikombe chenye maji. Mwaka wa 1874 Hooker alieleza jinsi maji hayo yalivyoyeyusha nyama na ute wa yai. Mwaka uliofuata, baada ya miaka 15 ya subira, Darwin alitoa kitabu chake juu ya mimea hiyo.

Hata hivyo, wengine walishuku kama nyama ilikuwa na faida yoyote kwa mmea. Mwanawe, Francis, alipanda vimea katika sahani, akaigawa kila sahani nusu kwa nusu. Upande mmoja alivilisha vijipande vya nyama choma, upande wa pili havikupata kitu. Vilivyolishwa vilizaa mbegu zaidi ya maradufu.

Wanafunzi wenzangu, hapa ndipo wengi huteleza katika somo la Bayolojia. Hudhani ati mmea ukila nzi hauhitaji jua. La hasha! Nzi hushika nafasi ya mbolea, si ya mwanga. Majani yake ni ya kijani na hujitengenezea sukari kwa nuru kama mahindi ya shambani. Ukiuweka mmea wa mtungi kwenye kona yenye giza, utatoa majani matupu bila mitungi, hata uulishe nzi wa soko zima. Uusogeze dirishani au uuwashie taa, na usiutilie mbolea ya shambani mizizini, maana itauunguza.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882 akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa Westminster Abbey, London. Mvumilivu hula mbivu. Mgonjwa huyu alitumia miaka 15 kuuliza kimea kidogo swali moja, naye akajibiwa. Sisi je, tutashindwa kungoja maharagwe yetu ya maabara yaote?