René Lalique, fundi aliyeacha dhahabu akashika kioo

Mwaka wa 1900, kwenye Maonyesho makubwa ya Paris, watu walijaa mbele ya vito vya René Lalique. Sarah Bernhardt, mchezaji mkubwa wa tiatre, alivaa kazi yake. Calouste Gulbenkian, tajiri wa petroli, alinunua kazi zake zaidi ya mia moja. Mtu wa namna ile angekaa tu na dhahabu yake. Yeye, pole pole, alianza kuiacha akaenda kwenye kioo, kitu cha bei ndogo.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa ine 1860 kule Ay, inchi ya mizabibu ya Champagne. Alipokuwa na miaka 16 baba yake alikufa, akaingia kujifunza kazi kwa Louis Aucoc, fundi wa vito wa Paris. Kisha miaka miwili Uingereza. Wengine waliweka almasi. Lalique alichanganya dhahabu na pembe ya ng'ombe, rangi za kuchoma, na vipande vya kioo. Hapo njo kioo kilimshika. Nyumba aliyojenga Paris mwaka wa 1902, aliitilia mlango wa kioo wenye matawi ya misonobari.

Aliyemsukuma zaidi ni jirani yake wa biashara, François Coty, muuza marashi, aliyemuomba chupa. Chupa moja moja haitoshi kwa mfanyabiashara, kwa hiyo mwaka wa 1909 Lalique alipanga kiwanda kule Combs-la-Ville. Mwaka wa 1912 alionyesha vito kwa mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 52. Nyuma ya vita alijenga kiwanda kingine Wingen, kule Alsace.

Kazi yenyewe iko hivi. Mchoro unachongwa, unatolewa kalibu ya chuma, kioo cha moto kinamwagwa na kukandamizwa ndani. Kisha kinapoa pole pole sana; ukikimbilia, kinapasuka bule. Mwisho, fasi zingine zinapakwa asidi mpaka zinakuwa kama ukungu, zingine zinaachwa wazi. Ukiwasha taa nyuma, sura inatoka. Ndiyo sababu, kwa komande ya ndani ya nyumba, swali la kwanza ni mwanga utatokea wapi.

Na komande zilikuja: mwaka wa 1929 vioo vya mabehewa ya treni ya Pullman, mwaka wa 1933 milango ya wanawake wenye mabawa kwa mwana wa mfalme Asaka kule Tokyo. Mwaka wa 1935 ikawa zamu ya meli Normandie. Chumba cha kulia cha meli ile kilipita meta 90 kwa urefu na hakikuwa na dirisha. Mwanga wote ulitoka kwenye taa za Lalique, kati yake minara 12 ya kioo.

Lakini kwangu mimi kazi kubwa ni kanisa dogo la Mtakatifu Matayo, kisiwani Jersey. Jesse Boot, tajiri wa maduka ya dawa, alikufa mwaka wa 1931. Mjane wake, Mama Florence, alikuwa jirani wa Lalique kule kusini mwa Ufaransa, akamuomba atengeneze kanisa kwa ukumbusho wa bwana yake. Lilifunguliwa mwaka wa 1934. Msalaba, chombo cha ubatizo, madirisha, malaika: vyote kioo, na vingali pale.

Normandie haikudumu. Mwaka wa 1942 iliungua New York, Wamarekani wakiwa wanaigeuza meli ya kubeba askari. Kiwanda cha Wingen, Wadachi walikuwa wamekinyanganya tangu 1940. Lalique alikufa Paris mwezi wa tano 1945, na miaka 85, bila kuona tanuru zake zikiwaka tena. Mtoto wake Marc njo alizifungua. Lakini aliacha kioo cha baba, akaingiza kristali.