Nyerere, mipaka ya Afrika na ziwa la Ludewa

Ukitoka Makambako, ukapita Njombe mjini na kushuka hadi Manda wilayani Ludewa, unakutana na Ziwa Nyasa. Malawi inasema maji yote hapo ni yake. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa.

Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, aliuona ugomvi wa aina hii mapema. Mei 1963 alikuwa Addis Ababa na viongozi wenzake kuanzisha OAU. Julai 1964, kule Cairo, nchi yake ikapeleka hoja kwamba kila taifa liheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Mipaka ya wakoloni, ndiyo, lakini kuichora upya kungewasha moto kila kona. Hoja ikapita, ingawa Somalia na Morocco ziligoma.

Sasa cheki hapa: mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 uliweka mpaka ufukweni, upande wetu. Mwaka 1967 serikali ya Mwalimu ilipodai mstari wa katikati, Kamuzu Banda akaigomea, na kanuni ya Cairo ikawa silaha yake. Tanzania ikajibu kwamba zipo ramani za Waingereza zinazoonyesha katikati. Maneno yakawa makali, ila vita havikuja.

Kwa Idi Amin vilikuja. Alivamia Kagera Oktoba 1978, OAU haikumlaani, na Mwalimu akapigana hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979.

Alifariki London Oktoba 14, 1999, akiwa bado msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Wa Ziwa Nyasa aliuacha bila jibu.